Tisa na Ishirini

Jumatatu, 6 Januari

Naliomba radhi daftari hili, kwa kuwa si langu. Lilikuwa la marehemu mke wangu, na kurasa zake kumi na moja za mwanzo zimejaa hesabu za sweta: mbili juu, moja chini, rudia. Sikuthubutu kuzichana. Nimeanzia ukurasa wa kumi na mbili, kama mgeni anayeketi karibu na mlango.

Leo muhula wa pili umefunguliwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Usimamizi wa Uzalishaji na Lojistiki, nami nina umri wa miaka sabini na mmoja. Wenzangu darasani ni hamsini na wanane, wote wa umri wa wajukuu. Wananiita Mzee Samahani, kwa kuwa, wasemavyo wao, neno hilo hunitoka hata pale ninapokanyagwa mimi. Sikatai. Masista walionisomesha walitufundisha kwamba samahani haimvunji mtu mdomo.

Mhadhiri wetu, mama mwembamba mwenye sauti kama kengele, ametugawa watatu watatu kwa mafunzo ya vitendo. Kila Jumanne na Alhamisi kundi letu litakuwa katika bohari ya dawa. Ameagiza kila mmoja aweke shajara. "Andikeni mlichokiona," alisema. "Msiandike mnachodhani. Mnachodhani mtaniandikia kwenye mtihani."

Alhamisi, 9 Januari

Kundi letu lina kijana wanayemwita Chapchap, ambaye hula, husema na kutembea kana kwamba anafukuzwa. Lina binti wanayemwita Kikokotoo, asiyehitaji mashine kujumlisha. Na lina mimi.

Bohari ni jengo refu lililoezekwa kwa bati. Makasha ya buluu hushushwa getini, ambako mashine hupiga muhuri wa saa kwenye karatasi. Kisha husubiri ushorobani mpaka yaingizwe katika chumba cha baridi. Ndani ya makasha mna vichupa vya sindano wanazodungwa akina mama mara baada ya kujifungua, ili damu isiwatoke kupita kiasi. Dawa hiyo haistahimili joto. Mabonge ya barafu yaliyomo kashani huilinda kwa muda wa saa nne tu. Zikipita hizo, dawa huanza kufa, na hakuna aonaye, kwa sababu haibadiliki rangi wala harufu. Kichupa kizima na kichupa kilichokufa hufanana kama mapacha.

Kazi yetu ni kupima muda wa kusubiri: kasha hukaa muda gani tangu getini hadi chumba cha baridi.

Mwenye chumba hicho ni mzee wa rika langu, mrefu, avaaye koti zito la sufi katika joto hili. Wanamwita Barafu. Kila kasha liingiapo, yeye huandika saa katika rejista kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee mwenzangu," aliniuliza, "umekuja kusoma au umekuja kutuzika?"

"Samahani, nimekuja kusoma."

"Basi soma polepole, usije ukamaliza masomo na uhai pamoja."

Ninaishi kwa binti yangu, mshonaji wa nguo, ambaye mumewe ni dereva wa masafa na huwa nyumbani siku mbili kwa mwezi. Mwanangu ni mjamzito. Anatarajia katikati ya Machi. Hospitali atakayojifungulia, iliyo mtaa wa pili kutoka kwetu, hupata dawa zake kutoka bohari hii hii. Jambo hilo lilinifurahisha leo. Nililiona kuwa ni baraka.

Jumanne, 14 Januari

Joto kali. Saa saba mchana nilikula mkate kwa chai ushorobani, nikiwa nimeketi kando ya makasha sita ya buluu, na nikakitua kikombe changu juu ya kasha namba 17.

"Babu, hiyo siyo meza," Kikokotoo alinikanya kwa upole.

Nikamwomba radhi yeye, kisha, bila kufikiri, nikaliomba radhi na kasha. Walicheka sana.

Jumatano, 15 Januari

Jaribio la takwimu. Nimepata nusu, na nusu ile nimeipata kwa kubahatisha.

Alhamisi, 16 Januari

Tumeanza kuingiza saa katika kompyuta. Macho yangu hayapatani na kioo chake, kwa hiyo tumegawana: mimi ninasoma kwa sauti kutoka rejista ya Barafu, Chapchap anapiga vitufe.

"Kumi na saba: tisa na ishirini. Kumi na nane: tisa na ishirini na tano."

"Soma, babu, soma. Usivute pumzi, utavuta nyumbani."

Ni kazi ya kasuku. Tulimaliza kurasa nane kabla ya chakula, nami nilijiona mtu wa maana.

Alhamisi, 23 Januari

Kikokotoo ametoa wastani: makasha husubiri dakika arobaini na tatu. Mhadhiri amefurahi mno. Meneja wa bohari, bwana mwenye viatu vinavyong'aa, amefurahi zaidi yake, akatuagizia soda. Anataka ripoti yetu iwasilishwe mbele ya wakubwa zake mwezi ujao.

Jumanne, 28 Januari

Ninaandika usiku, mwanangu amekwisha kulala.

Leo nilipewa jedwali lote nilihakiki. Nikafika kwenye kasha namba 17, la tarehe 14: getini 8:40, chumba cha baridi 9:20. Dakika arobaini. Nikapita. Kisha nikarudi.

Nilikitua kikombe changu juu ya kasha hilo wakati wa chakula cha mchana. Kasha lililoshushwa getini asubuhi na kusubiri dakika arobaini tu lingekuwaje ushorobani saa saba? Nikalifungua daftari hili. Imeandikwa, saa saba mchana, kasha namba 17. Lakini aliyeandika ni mimi, na ninayemtilia shaka ni mimi vilevile.

Naomba nieleze hofu yangu ilikotoka. Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka minne, alianza hivi hivi. Alianza kwa kuchanganya asubuhi na alasiri. Alivaa nguo za kanisani siku ya Jumanne. Alimdai mke wangu kifungua kinywa wakati tumekwisha kula cha mchana. Siku moja nikaingia chumbani kwake, akainuka kitandani kwa heshima, akaniambia mimi, mdogo wake: "Shikamoo."

Mpaka leo sijui kama niliitikia.

Jumatatu, 3 Februari

Nimetia chumvi mara mbili kwenye mboga. Mwanangu alikula kimya, akanywa maji vikombe vitatu.

Alhamisi, 6 Februari

Saa nane mchana. Ninaandika nikiwa nimesimama ushorobani, kalamu mkononi, ili kusiwe na nafasi ya kusahau. Makasha matano, namba 31 mpaka 35, yapo mbele yangu. Nimeyagusa. Bati linalia kwa joto juu yetu. Upande wa kasha ulioelekea dirishani una joto la shavu la mtoto mwenye homa.

Barafu yupo ofisini kwake, mlango wazi, miguu juu ya kiti. Ningeweza kumwuliza. Lakini nitamwendeaje mtu mzima wa makamo yangu, nimwulize kama anaifanya kazi yake? Na kama nimekosea mimi, nitakuwa nimemtukana bure. Nilisimama hatua tatu kutoka mlangoni, nikamsalimu, nikaondoka.

Jumanne, 11 Februari

Jedwali linasema makasha 31 mpaka 35 yaliingia chumbani saa 9:30, baada ya dakika arobaini na nane.

Nimeketi chooni, mahali pekee ambapo hakuna anayenikatiza, na nimejaribu kupanga hoja kama tulivyofundishwa. Mambo ni mawili. Ikiwa jedwali ni kweli, kichwa changu kinakufa. Ikiwa kichwa changu ni kizima, dawa inakufa, nayo inapelekwa kwa akina mama ikiwa maiti, na siku ya mwanangu imebakiza wiki nne.

Mungu anisamehe, asubuhi niliomba mgonjwa niwe mimi. Mchana niliogopa, nikaomba kinyume chake. Jioni sikujua niombe nini.

Alhamisi, 13 Februari

Nimefanya jaribio. Makasha yaliposhushwa asubuhi, nilifunga leso ya marehemu mke wangu, ile yenye ua la njano, kwenye mpini wa kasha namba 42. Saa sita ilikuwapo. Saa saba ilikuwapo. Saa nane ilikuwapo. Baadaye kidogo, tisa na robo kwa saa yangu ya mkononi, Barafu alikuja na toroli, akaifungua, akaniletea.

"Mzee mwenzangu, makasha yameanza kujipamba siku hizi?"

"Samahani sana. Niliisahau."

Ndivyo nilivyojibu: niliisahau. Ulimi wangu wenyewe umetoa ushahidi dhidi yangu. Lakini leso ninayo, na fundo lake bado linaonekana.

Jumatatu, 17 Februari

Mwanangu aliweka mkasi chini, jambo ambalo hafanyi akiwa na nguo ya mteja mezani.

"Baba, jiko umeliacha linawaka tena."

"Samahani, mama."

"Mara ya pili tangu Ijumaa. Na funguo nimezikuta ndani ya kopo la majani ya chai."

"Samahani, mwanangu. Sitarudia."

"Baba, sitaki samahani. Namtaka baba." Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Nimempigia mwalimu wako. Nimemweleza habari za baba mkubwa, namna alivyoanza. Usinikasirikie. Mwisho wa mwezi nitakuja chuoni, tutazungumza naye sote watatu."

Anataka kunitoa. Sikukasirika, angewezaje kutenda vingine? Mtoto akimwona baba yake anaelekea shimoni, adabu ni kumshika shati. Niliogopa tu. Ikiwa nitaondolewa, hakuna mwingine aliyeyaona makasha yale.

Jumanne, 18 Februari

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Ripoti ilikwisha kuchapwa jana, nakala sita. Tulikuwa tunaingiza mistari ya mwisho, ya kiambatisho. Nilikuwa nikisoma kwa sauti yangu ya kasuku:

"Arobaini na moja: tisa na dakika kumi. Arobaini na mbili: tisa na robo."

Nikasikia. Baada ya wiki tano za kusoma, leo ndipo niliposikia. Tisa na robo. Nilikuwa nimesimama pale na leso, nikaiangalia saa yangu, na watu walikuwa wakirudi kutoka kula.

"Samahani, kijana. Umeandika nini hapo?"

"Tisa na robo, babu. Tisa, moja, tano."

"Tisa ya mchana?"

"Tisa ni tisa, babu. Tuendelee."

"Kompyuta inaielewa kuwa tisa ipi?"

Akageuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mikono yake ilitulia. Akaitoa simu yake mfukoni. Ilikuwa saa tano asubuhi; kioo kiliandika 11:00.

Sasa ninalijua kosa, nalo ni dogo kama tundu la sindano. Mashine ya getini husoma saa kwa kuanzia usiku wa manane, kama simu na kompyuta zote: lori likija saa mbili na dakika arobaini asubuhi, yenyewe hupiga muhuri 8:40. Barafu huandika saa kama mama yake alivyomfundisha, na kama mama yangu alivyonifundisha: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, na tisa ni alasiri, jua limekwisha kupinda. Aliandika 9:20, na maana yake ilikuwa hiyo hiyo. Karani wa zamani alikuwa akizibadili saa hizo kichwani bila kumwambia mtu. Karani alistaafu mwaka jana. Kisha tukaja sisi, wasomi, mmoja akisoma kwa mdomo wa kizee, mwingine akiandika kwa kidole cha kijana, na katikati ya mdomo na kidole saa sita zikapotea.

Sauti iliyozipoteza ilikuwa yangu. Sistahili kusema vinginevyo.

Kikokotoo hakutumia hata karatasi. "Wastani si dakika arobaini na tatu," alisema. "Ni saa sita na dakika arobaini na tatu."

"Na barafu hudumu saa nne," nilisema.

Chapchap alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari za msiba njiani. "Babu, ripoti imekwisha kuchapwa. Keshokutwa tunawasilisha. Tufanye tu masahihisho baadaye, polepole, tumwandikie mwalimu barua..."

"Polepole? Wewe?" Kikokotoo alimkatiza.

"Sikiliza. Babu akisimama kusema, hawatamsikia. Unajua wanavyosema."

"Wanasemaje?" niliuliza.

Akainama. "Wanasema umeanza, babu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Hayupo mpaka Alhamisi. Nilikwenda kwa mhadhiri. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, akanishika mkono, akaniambia nikapumzike, tutalizungumza binti yangu akija. Sijawahi kuogopeshwa na upole kama leo.

Jumatano, 19 Februari

Sikuweza kula. Nimezinakili tarehe zote kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa.

Alhamisi, 20 Februari

Kikao kilianza saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa bohari unaotazamana na uwanja wa kupakilia. Walikuwapo meneja, wakubwa wake wawili, mhadhiri, na sisi watatu. Dirishani niliona lori likipakiwa makasha ya wiki iliyopita. Niliona namba 42 ikipita mabegani mwa mpakiaji. Lilikuwa likienda hospitali ya mtaa wa pili.

Chapchap alianza kusoma ripoti. Alifika kwenye neno "wastani", akasita, akanitazama.

Nilisimama. Nilifungua mdomo, nikalingoja neno langu la kila siku litangulie kama kawaida yake. Halikutoka.

"Lori lisiondoke," nilisema.

Meneja alitabasamu. "Mzee wetu, keti. Maswali ni mwishoni."

"Lori lisiondoke. Dawa iliyomo imekaa katika joto kwa saa sita na zaidi. Ripoti hii ni ya uongo, na aliyeusoma uongo huo kwa sauti ni mimi."

"Baba yangu," mhadhiri alisema chinichini, "binti yako alinipigia simu. Twende nje kidogo."

Nikawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa na macho ya huruma, na mtu mwenye macho ya huruma hasikii. Nililifungua daftari. Nikawasomea tarehe 14 Januari, kikombe. Tarehe 6 Februari, makasha matano, bati likilia. Tarehe 13, leso. Meneja aliinama juu ya meza, akageuza kurasa mpaka mwanzo.

"Mbili juu, moja chini, rudia," alisoma. "Mzee, mbona hizi ni hesabu za sweta?"

Mmoja wa wakubwa zake alicheka. Nje, injini ya lori ikawashwa.

"Mwiteni Barafu," Kikokotoo alisema. Alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa kali. "Hamumwamini babu, basi. Mwiteni aliyeandika."

Barafu aliingia na koti lake la sufi. Mhadhiri alimwelekezea mstari katika rejista.

"Mzee, kasha arobaini na mbili uliliingiza saa ngapi?"

"Si nimeandika? Tisa na robo."

"Asubuhi?"

Barafu alimtazama, akanitazama mimi, kana kwamba anatafuta mtu mzima wa kumsaidia. "Asubuhi kuna tisa, mwanangu? Tisa watu wanatoka kula."

"Na kwa nini husubiri mpaka tisa?"

"Si waraka wa meneja huo hapo mlangoni? 'Mlango wa chumba cha baridi usifunguliwe ovyo.' Nami sifungui ovyo. Nafungua mara moja kwa siku, yakishatimia yote."

Mhadhiri aliinua macho kwenye saa ya ukutani, akayashusha kwenye rejista, akayainua tena, na nikaona rangi ya uso wake ikimtoka. Kisha Chapchap akaruka kiti. Sijawahi kumwona binadamu akikimbia namna ile. Aliuvuka uwanja, akalipita lori, akasimama mbele yake getini na kuinyoosha mikono yote miwili. Nyuma yake alikimbia meneja, viatu vyake vinavyong'aa vikimtoka miguuni.

Lori likazimwa. Nami nikaketi, kwa kuwa miguu ilikwisha kufanya kazi yake.

Jumanne, 25 Februari

Wamekusanya makasha yote yaliyotoka tangu mwaka uanze, ulipobandikwa waraka ule. Si yote yaliyorudi na vichupa vyake. Vingine vimekwisha kutumika.

Barafu alikuja kuketi nami kwenye benchi la ushorobani. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mzee mwenzangu, tarehe sita uliniona pale ofisini. Ulinisalimu. Ulikuwa na jambo."

"Nilikuwa nalo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikustahi. Nilikuona mtu mzima."

Alitikisa kichwa. "Adabu yako imekaa juani saa sita, mzee mwenzangu. Adabu yako na ujinga wangu, kasha moja."

Alhamisi, 27 Februari

Nimekwenda kwa mganga mkuu wa hospitali ya mtaa wa pili. Nilingoja tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi. Nilimwuliza kama kuna akina mama waliotokwa damu nyingi mwezi huu kupita kiasi.

"Wawili," alisema. "Mmoja yupo wodini, anaendelea vizuri."

Hakumtaja wa pili. Nikainuka kuaga, kwa adabu. Nikakumbuka maneno ya Barafu, nikaketi tena.

"Na wa pili?"

"Amezikwa Jumapili."

"Ilikuwa ni dawa?"

Alivua miwani. "Mzee, wanawake hutokwa na damu kwa sababu nyingi."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Sitaongeza ninachodhani.

Jumamosi, 1 Machi

Mwanangu hakuja chuoni kunitoa. Ameomba jambo moja tu: niende kwa daktari wa kumbukumbu. Nimekubali.

Jumatatu, 3 Machi

Mtihani. Swali la kwanza: Eleza maana ya muda wa kusubiri. Nilitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyoruhusiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa chumba cha baridi hufunguliwa kila lori lifikapo, na Barafu huandika saa na kuongeza neno "asubuhi" au "mchana" kwa herufi kubwa. Makasha namba 55 mpaka 60 nimeyasindikiza mimi mwenyewe. Dakika thelathini na tano. Nilihesabu kwa sauti, na safari hii nilijisikiliza.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari wa kumbukumbu ni kijana mpole. Aliniuliza tarehe, nikamwambia. Alinitajia vitu vitano nivikariri, nikavikumbuka vinne. Kisha akanipa karatasi tupu.

"Babu, nichoree saa ya ukutani. Mishale ioneshe saa nne na dakika kumi."

Kalamu ilisimama hewani. "Samahani, daktari. Mshale mfupi niuweke kwenye nne, au kwenye kumi?"

"Vipi tena, babu?"

"Saa nne ya asubuhi mshale husimama kwenye kumi. Saa nne ya mashine husimama kwenye nne. Unataka ya nani?"

Alinitazama, akaitazama saa yake mkononi, akaanza kucheka. Nilimchorea zote mbili. Alisema nirudi baada ya miezi sita. Nilimwuliza: maana yake mimi ni mzima? Akasema: maana yake urudi baada ya miezi sita.

Saa za aina mbili zimeeleza habari ya makasha. Hazielezi funguo ndani ya kopo la majani ya chai.

Jumanne, 11 Machi

Uchungu ulimshika mwanangu alfajiri. Kufikia saa moja asubuhi nilikuwa kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha kuzalia, daftari magotini. Nilisikia sauti yake. Kisha nikasikia kilio cha kitoto. Kisha mkunga akapita mbele yangu kwa haraka, sinia mkononi, na juu ya sinia palikuwa na sindano na kichupa.

Nilisimama njiani. Simama ya Chapchap mbele ya lori.

"Mama, hicho kichupa kimetoka kasha namba ngapi?"

"Babu, hapa siyo bohari. Nipishe."

"Najua siyo bohari. Kasha namba ngapi?"

Sijui aliona nini usoni pangu. Alikigeuza kichupa, akasoma kibandiko. "Hamsini na nane. Umeridhika?"

Hamsini na nane. Tarehe sita Machi, dakika thelathini na tano. Nililisindikiza kwa miguu yangu. Nikampisha. Mlango ukafungwa. Nilihesabu tangu moja, nikafika mia tatu na kumi, nikapotea, nikaanza upya, na kila nilipopotea niliogopa mara mbili: kwa ajili yake, na kwa ajili yangu. Nilimfikiria na yule aliyezikwa Jumapili. Naye huenda alikuwa na baba kwenye benchi hili.

Mkunga alitoka amekunja mikono ya vazi lake.

"Damu imekata. Mama mzima, mtoto wa kike mzima. Ingia, babu mkorofi."

Mwanangu alikuwa mweupe midomo, lakini alitabasamu. Alimweka mtoto mikononi mwangu, naye alikuwa na joto lililo halali yake. Pembeni ya kitanda palikuwa na kadi mpya. Niliivuta karibu na macho. Uzito, sawa. Jinsia, sawa. Saa ya kuzaliwa: 2:20.

"Mama," nilimwita mkunga, "niazime kalamu."

"Kuna kosa?"

"Hakuna kosa. Pameachwa neno moja."

Mwanangu alinitazama mimi, akaitazama kadi, akafumba macho. "Mpe kalamu," alisema. "Mpe baba kalamu."

Nimeandika: asubuhi. Neno linasomeka.